Apareyi mu shingo, filme hakuna



Tangu mapumziko ya Pasaka kuna ugonjwa umeingia mu masomo yetu. Si malaria. Ni zile apareyi za foto za zamani, zile zenye kutapika foto palepale, ambazo watu wanaita zote Polaroid hata kama zimeandikwa jina lingine. Mmoja wa kelasi ya tatu alileta ya kambo yake. Kesho yake tukaona ya pili. Leo nimehesabu tano. Zinavaliwa mu shingo kama medali, zinauzishwa, zinabadilishwa na viatu, na wenye nazo wanasema wako na "koleksyo". Niliwauliza: mumepiga foto ngapi? Hata moja. Filme hakuna.

Nasema waziwazi, hata kama rafiki zangu watanuna: apareyi isiyopiga foto ni kengele bila ulimi. Na mbele mtu aseme mukubwa wa wanafunzi anacheka vitu vya wengine, niungame kwamba mimi njo wa kwanza kudanganywa. Mwaka jana nilichunga franga za taksibusi, nikatembea na miguu majuma matatu, nikanunua kwa muuzaji mmoja wa soko apareyi nzuri sana, ile ya kukunjwa, yenye mfuko mweusi kama akordeo. Akasema filme zake zinajaa mu mji. Bongo! Ile ilikuwa ya filme ya kubandua: unavuta karatasi, unangoja, kisha unabandua. Polaroid ilitangaza mu 2008 kwamba inaacha kutengeneza filme, na Fujifilm, ambayo ilibaki na filme ya namna ile, ikatangaza mwisho wake mu 2016. Sasa iko juu ya kabati kwetu, mama anawekaka mishumaa pembeni yake.

Basi kwa wenye hamu ya kununua, mutazame kwanza maandishi. Kama ni 600 ama SX-70, ile iko na uzima. Wakati kampuni ilifunga, watu wachache walichukua kiwanda cha mwisho kule Enschede, mu Uholanzi, na mu 2010 wakaanza kuuza filme mpya. Leo filme zao zinabeba tena jina la Polaroid. Na ajabu iko hapa: batri haiko mu apareyi, iko ndani ya pakiti ya filme. Njo maana apareyi iliyolala miaka 30 mu sanduku inaweza kuamka siku unaitia pakiti. Lakini ile pakiti iliyoandikwa i-Type haina batri, usiinunue kwa apareyi ya kambo. Utalia.

Mwenye kutengeneza kitu hiki alikuwa Edwin Land, Mumarekani. Mu 1943 mtoto wake wa kike wa miaka mitatu alimuuliza juu ya nini hawezi kuona foto sasa hivi. Baba yake hakumwambia "nyamaza". Mu 1948 apareyi ya kwanza iliuzwa Boston. Ile SX-70, yenye kutoa foto yenyewe bila kubandua kitu, ilikuja mu 1972. Pale chini ya foto, mu ule mpaka mweupe mpana, kuna kifuko cha dawa. Foto ikitoka inapita kati ya vyuma viwili vya kuviringika, kifuko kinapasuka, dawa inasambaa. Kwa hiyo kuitikisa kama watu wanavyofanya mu filme za sinema hakusaidii kitu. Unaificha na mwanga, unangoja dakika 10 ama 15. Na joto letu la mwezi wa kumi linaigeuza kuwa ya manjano na nyekundu. Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, inapauka na kuwa buluu.

Sasa niseme kile kilichonifanya niandike.

Kwetu kulikuwa na foto moja tu ya kambo yangu mwanaume. Ilipigwa mu 1984 na mgeni wa jirani aliyekuwa na apareyi ya namna hii. Kambo amesimama na kambo mwanamuke mbele ya mlango, amevaa koti la kuazima, hacheki. Yule mgeni akawapa foto palepale, akaenda zake. Mu 2019 kambo akafariki. Mu kilio kwetu, munajua, inaombwa foto kubwa ya kuweka mbele ya watu. Tukampa kijana mmoja wa kukuza foto. Ile kubwa ilirudi, na ukungu, macho hayaonekani muzuri. Ile ndogo haikurudi. Tuliuliza, tukauliza tena, kila mara ni kesho. Kambo mwanamuke hajaacha kuulizia mpaka leo. Ananiambia: "Mwanangu, ile ndogo njo alikuwa yeye. Hii ingine ni karatasi."

Foto ya palepale haina negatifu. Ikipotea, hakuna mahali pa kurudi kuomba ingine. Wenye koleksyo wanasema ule njo uzuri wake, kwamba iko moja mu dunia. Ni kweli. Lakini mtoto pia iko mmoja, na hatumwachi ku barabara.

Wengine watanijibu: mukubwa, tuko na telefone, foto elfu mbili, juu ya nini taabu? Mimi njo nakusanyaka telefone zenu kila asubuhi, kwa hiyo naijua hoja hii. Lakini mukumbuke finalisti wa mwaka jana. Foto zote za siku yao ya mwisho zilipigwa na telefone moja, ya mmoja wao. Posho moja kisha, telefone ikaibiwa mu taksibusi. Watu 38, miaka sita ya masomo, na leo ukiwaomba foto ya kelasi hawana. Foto zilikuwa nyingi, lakini zote zilikuwa mu mfuko wa mtu mmoja.

Swali kubwa kwangu ni hili: foto inabaki na nani? Kule Afrika ya Kusini, wakati wa apartheid, kila mtu mweusi wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kutembea na buku ya pasi, na ndani yake foto. Apareyi za Polaroid zilisaidia kazi ile kwenda mbio. Mu 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ile kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo lile mu kazi yao wenyewe, wakasimama kupinga. Hunter akafukuzwa kazi mu 1971. Kampuni iliacha biashara kule mu 1977 tu, wakati ilijulikana kwamba mwenye kuiuzishia vitu alikuwa anaviuzia serikali kwa siri. Ni filme ya namna moja na ile iliyompa kambo yangu furaha ku mlango. Tofauti ni kwamba kambo alipewa foto yake akaitia mu Biblia, na wale waliipewa ili polisi aitazame.

Basi haya njo maombi yangu. Sisi finalisti wa mwaka huu tuko 41. Kila mmoja atoe dola moja. Pakiti ya 600 iko na foto nane, na bei yake kule Ulaya inapita dola mbili kila foto, bila kuhesabu safari. Mama mmoja wa kanisa, ambaye ndugu yake anarudi kutoka Brussels mu mwezi wa sita, amekubali kuomba. Apareyi ya 600 iko ile ya yule wa kelasi ya tatu, amekubali kutuazima, kwa sharti yeye mwenyewe njo apige. Tutasimama watano watano, kikundi kimoja watakuwa sita. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kwa franga zile tungenunua karatasi za kujitayarisha kwa ekzamen ya Leta. Ana haki, na sikupata jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba karatasi za ekzamen za wakubwa wetu zilikwisha kuwashia makala.

Kila foto, mbele ya kutoka hapa, tutaikopi na telefone (siku ile nitawarudishia, kwa saa moja) na kutia kopi ku mashini ya ofisi. Majina yaandikwe mu mpaka mweupe wa chini, si juu ya sura. Na foto zenyewe tufanye kura, kila kikundi mtu mmoja aichukue kwake, aiweke mahali pa giza, si ku ukuta mbele ya dirisha.

Watu 41 na foto nane: najua kutakuwa maneno. Wenye kukataa mpango huu waandikie gazeti mbele ya siku ya tano ya posho hii. Dola zipewe katibu wa kelasi, si mimi, nimeshaonyesha namna ninavyonunua apareyi.

Mukubwa wa wanafunzi, finalisti