Acheni Selfi za Miche, Leteni Kalamu

Wasee, leo tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mvua ikikaribia, vijana wa maofisini wanavaa tisheti zenye nembo ya kampuni, wanapakiwa kwenye basi, wanapanda miche mia mbili, wanapiga selfi, kisha nyama choma. Jumatatu kila mtu yuko kwa meza yake. Injinia anatia sahihi ramani ya jengo linaloingia mtoni. Wakili anamtetea mwenye ploti. Mhasibu anapitisha malipo. Na ule mche? Hakuna aliyerudi kuumwagilia maji.

Sina vita na miti. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo ya kupanda. Poa. Lakini kushika jembe, hata nyanya yangu anakushinda. Wewe una kitu ambacho yeye hana: taaluma. Mbona hiyo ndiyo unaificha?

Kumbuka Mai Mahiu, 29 Aprili 2024. Watu walisombwa usiku wakiwa wamelala. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya kalvati ya reli iliyoziba, kisha yakapasua njia. Kalvati, jamani! Mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mvua kubwa ni ya mbinguni, na joto la dunia linaizidishia nguvu. Kalvati iliyoziba ni ya hapa hapa duniani, na kuna watu wamesomea kuikagua.

Najua utaniambia, "Kenya inatoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, sisi tutafanya nini?" Hiyo hoja ina ukweli, na ndiyo maana haitusaidii. Hatukuiharibu hewa sisi, lakini maji yakija hayaulizi nani aliichafua. Tudai fidia kwa mataifa tajiri, ndiyo. Na tukidai, tuhakikishe mitaro iko wazi.

Tena msiniambie haiwezekani. Lamu walitaka kujengewa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, katika nchi ambayo umeme wake mwingi unatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Wenyeji chini ya mwavuli wa Save Lamu walienda kwa jopo la kitaifa la mazingira mwaka 2016. Walishirikiana na mawakili na wataalamu, wakaipekua ripoti ya mradi ukurasa kwa ukurasa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo lilifuta leseni: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na suala la tabianchi halikushughulikiwa inavyotakiwa. Hakuna selfi ya mche iliyofanya hiyo kazi. Ni karatasi zilizosomwa na watu waliokubali kusimama pamoja.

Miaka mitano baadaye, siku hiyo hiyo ya 26 Juni, 2024, Rais alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Kilichomfikisha pale tunakijua. Mawakili walifafanua vifungu na kutafuta waliokamatwa. Watu wa kompyuta walitengeneza programu za kujibu maswali kuhusu mswada. Madaktari walitibu waliojeruhiwa. Kila mtu alileta alichosomea, na wengine walilipa kwa maisha yao. Kwa hivyo kujipanga tunajua. Shida ni kwamba mafuriko tunayachukulia kama habari ya mtu mwingine, hadi siku maji yanapoingia Syokimau.

"Nitafutwa kazi." Ukiwa peke yako, unaweza kufutwa kweli. Injinia mmoja akikataa kutia sahihi, wanatafuta mwingine kabla ya chakula cha mchana. Mainjinia wote wa rika lako wakikataa, watatafuta nani? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi fanyeni hivi. Mainjinia, lile kundi la WhatsApp la darasa lenu ligawane kalvati na mitaro ya kaunti, mkague kabla ya mvua za Machi, mchapishe picha na majina ya barabara. Mawakili, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kitumieni. Wahasibu, kwenye mkutano wa mwaka wa sacco yenu simameni muulize: pesa zetu zimejenga nini, na wapi? Wapangaji miji, semeni kwa sauti ni ploti gani hazikufaa kuidhinishwa.

Miche pandeni, lakini mrudi kuimwagilia maji. Na kama kalamu yako ndiyo iliyoidhinisha ukuta ndani ya mto, tafadhali usitutumie picha ya mche.