Tuachieni Makopo Yetu

Jumamosi iliyopita, kwenye kile chumba cha uani tunachokiita ofisi ya waandishi, ilipigwa kura. Hoja: zile kompyuta tatu za zamani zilizorundikwa kwenye kona ziuzwe chuma chakavu, na hela yake iingie kwenye mfuko wa kununulia laptopu ya pili. Wanane ndiyo, wawili hapana. Mimi ni mmoja wa hao wawili, na kwa kuwa nilizomewa kabla sijamaliza sentensi, naimalizia hapa.

Hebu tuambiane ukweli, washikaji. Laptopu tunayo moja, waandishi tuko kumi. Kila mtu ana zamu ya saa moja, na nusu ya saa hiyo inaliwa na kuangalia nani kavaa nini mjini. Mshairi akipata mstari saa kumi, zamu yake saa kumi na mbili, mstari umeshakimbia. Halafu tunajiita kizazi kipya cha fasihi! Kizazi gani hicho cha kupanga foleni kama ya maji?

Na pale kwenye kona zimekaa 386 tatu. Chipu hiyo ilitoka mwaka 1985, wengi wenu hamjazaliwa. Nimezijaribu zote, zinawaka. Moja kibodi yake haina herufi Q, na nitajieni nyie neno la Kiswahili lililokwama kwa kukosa Q. Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Leo tunazo, tunataka kuzipima kwa kilo.

"Hazina intaneti." Ndiyo hoja pekee niliyoisikia. Jamani, intaneti hazikuzaliwa nayo hata hizo laptopu zenu, zinapewa. Na hizi zinaweza kupewa na ile ile laptopu tunayoigombania.

Nyuma ya kila 386 kuna tundu la pini tisa. Laptopu haina tundu hilo, lakini kuna kiwaya cha kugeuza, huku USB, kule pini tisa. Katikati unahitaji nyaya tatu tu: pini ya 2 iende kwa 3, ya 3 iende kwa 2, ya 5 kwa 5. Mdomo wa huyu uelekee sikio la yule. Ukiunganisha 3 kwa 3 umeweka mdomo kwa mdomo, wote wanaropoka hakuna anayesikia, kama kikao chetu cha Jumamosi. Fundi redio yeyote atakulehemea. Ila angalia: kuna viwaya vya bei poa vya volti 5 au 3.3, vilivyotengenezwa kwa ajili ya vibao vya elektroniki. Hivyo usivichomeke. Tundu la 386 linaweza kutoa volti 12, utavikaanga.

Laptopu yetu inatumia Linux. Ndani yake kuna programu ndogo, agetty, ambayo kazi yake ni kukaa mlangoni mwa waya na kuuliza: nani wewe? Upande wa 386 unaweka Kermit, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981. Niliiingiza kwa diski ya floppy. Pande zote mbili unaziambia mwendo mmoja, 9600. Usiku ule nilipobonyeza Enta, kwenye kioo kikatokea "login:". Sikulala.

Mmoja wenu, na ni mtu ninayemheshimu kwa hadithi zake, alisema basi ni laptopu inayofanya kazi yote, 386 ni kioo na kibodi tu. Kweli kabisa! Ndicho ninachokitaka, kaka. Linux inakubali watu wengi kwa wakati mmoja. Viwaya vitatu, 386 tatu, na mmoja kakaa kwenye laptopu yenyewe: watu wanne wanaandika saa ile ile, kila mtu na faili zake na neno lake la siri. Mashine zetu haziwezi kufungua kurasa za leo zilizofungwa kwa kufuli za usalama. Laptopu inafungua, inawapa maandishi. Kuna Lynx, kivinjari cha maandishi matupu kilichoanzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992. Barua pepe inakwenda na inarudi. Picha hakuna, na kurasa nyingi za kisasa Lynx inazishindwa, sitawazuga.

Polepole? Tupige hesabu. Kwa mwendo wa 9600 zinapita herufi 960 kwa sekunde. Hadithi ya maneno 2,000 ni kama herufi 13,000, haifiki sekunde 15. Ukurasa wa megabaiti 2 wenye matangazo ya sabuni utachukua zaidi ya nusu saa. Sasa mniambie sisi ni chama cha nini, cha hadithi au cha sabuni?

Tatizo la kweli nililikuta kwingine, na hakuna aliyelitaja. Nilihamishia kwenye 386 hadithi iliyoandikwa kwa simu, nikaifungua kwa kihariri cha DOS. Kila palipokuwa na ng'ombe pakatokea "ngΓÇÖombe". Simu zenu zinageuza ile alama ya juu ya ng' kuwa kikombo cha kisasa ambacho DOS haikijui, inakisoma kama vidude vitatu. Ile alama ya zamani, iliyonyooka, inapita bila matata. Kwenye laptopu programu iitwayo iconv inasafisha faili zima kwa amri moja. Kiswahili chetu, ukishaondoa kikombo hicho, hakina hata herufi moja ya kuisumbua mashine ya mwaka 1985.

Mwingine akanirushia George R. R. Martin, ambaye mwaka 2014 aliiambia televisheni ya Marekani kuwa anaandikia DOS, kwa WordStar 4.0, kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti. Sawa, lakini huyo bwana alisema pia ana kompyuta nyingine ya barua pepe. Sisi tunaipata wapi?

Na msiniambie ni michezo ya Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika huku, barua pepe za Nairobi zilipita kwenye FidoNet: kompyuta ndogo inaipigia nyingine simu, inakabidhi mzigo wa barua, inakata. Maandishi matupu, mashine za aina hii hii. Waliokuwa nazo hawakukaa kumsubiri mfadhili alete laptopu, kama tunavyosubiri sisi tangu mwaka juzi kwa barua tatu zisizojibiwa.

Kiwaya kimoja nimeshanunua kwa hela yangu, kinafanya kazi, na makala haya yamechapwa upande wa 386 isiyo na Q. Bado viwili. Mnunuzi wa chuma chakavu kaambiwa aje Alhamisi na mizani yake. Ufunguo wa chumba ninao mimi.