Mabomu ya Mzindakaya na bunge letu la chuo

Kila msimu wa kampeni hapa chuoni wagombea wanajifananisha na Nyerere au Magufuli. Sijamsikia hata mmoja akimtaja Chrisant Mzindakaya. Sisi tuliokulia Sumbawanga tunamjua, ila wengi wenu mtauliza, huyo nani tena?

Alikuwa mbunge wa Kwela, jimbo linaloanzia juu Ufipa, maeneo ya Laela, mpaka chini bonde la Ziwa Rukwa. Uwaziri mkuu hakuupata. Aliyefika huko mwaka 2008 ni Mizengo Pinda wa Mpanda, enzi hizo Mpanda ikiwa bado Mkoa wa Rukwa. Lakini mwaka 1996 Mzindakaya aliibua bungeni suala la misamaha ya kodi kwa kampuni za mafuta ya kula. Kamati teule ikaundwa, na Waziri wa Fedha, Simon Mbilinyi, akajiuzulu. Mwaka 2001 akaja na vibali vya kuagiza sukari, na Iddi Simba wa Viwanda na Biashara naye akaachia ngazi. Wote watatu ni CCM! Ndiyo maana watu wakasema mzee analipua mabomu.

Angalia alichokuwa anakiuliza. Msamaha wa kodi una karatasi na mtu aliyesaini. Kibali cha sukari vilevile. Hayo si mambo ya kumaliza kwa kupiga meza.

Sasa njoo kwenye bunge letu. Bajeti iliyopita ilipita haraka kuliko foleni ya kantini, na mjadala mkali ulikuwa posho za wabunge wenyewe. Mwaka wa kwanza mmoja aliposimama kuomba stakabadhi za sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, aliambiwa asiiaibishe serikali ya wanafunzi. Jamani, hiyo ni ada yetu, na wengi tunaitoa kwenye bumu hilihili lisilotosha hata chakula.

Msidhani nampamba mzee wa watu. Alijenga SAAFI, kiwanda cha nyama pale Sumbawanga, kwa mkopo uliodhaminiwa na Serikali, na wapinzani wakamgeukia yeye. Nyumbani ubishi huo haujaisha. Kuna wanaosema alitaka ng'ombe wa Rukwa wachinjwe Rukwa, ajira zibaki kwetu. Wengine wanauliza, kwa nini dhamana hiyo apewe mbunge? Mimi naona wanaouliza wana haki kabisa. Ni swali la aina ileile aliyowauliza wenzake, na aliyezoea kuuliza hawezi kulikwepa. Halifuti ya 1996 wala ya 2001.

Mwaka 2010 hakugombea tena, na Juni 2021 akafariki.

Bajeti yetu mpya inasomwa mwezi huu. Mwakilishi wa kitivo chetu cha elimu, kabla hujanyoosha mkono kusema "ndiyo", zile stakabadhi za sherehe bado hatujaziona.