Saa Tisa Usiku, Mlangoni pa Bethlehemu



Kutoka Bethlehemu hadi Yerusalemu ni mwendo wa kilomita kumi hivi. Leo katikati ya miji hiyo miwili umesimama ukuta wa zege, wenye kimo cha mita nane hivi, na katika ukuta huo mna kituo cha ukaguzi kinachojulikana kwa namba tu: 300.

Kwa miaka mingi kituo hicho kilianza kujaa watu saa nane au saa tisa usiku. Waashi, maseremala, wafunga nondo na wapaka rangi, wengine wakiwa wametoka mbali hadi Hebron, walijipanga katika njia nyembamba iliyozungushiwa vyuma pande zote na juu, mithili ya ile tunayowapitishia ng'ombe kwenda joshoni. Aliyechelewa aliparamia vyuma na kutambaa juu ya vichwa vya wenzake. Mbele yao palikuwa na mlango wa chuma wa kuzunguka, upitishao mtu mmoja mmoja; askari akiufunga, wote husimama. Kisha mashine ya kukagua mizigo, mkanda ukiwa mkononi; kisha kadi, alama za vidole na kibali. Yote hayo ili mtu afike kazini alfajiri. Baba wa namna hiyo aliwaacha watoto wamelala, na jioni alirudi akiwa yeye ndiye wa kwanza kusinzia.

Mwaka 2019 yalifungwa mageti ya elektroniki, na foleni ikapungua. Hilo tulikiri. Lakini fundo lenyewe ni kibali. Kabla ya mwaka 1991 Wapalestina wengi waliingia Israeli pasipo kibali cha mtu binafsi. Baadaye kibali kilifungamanishwa na mwajiri mmoja: ukigombana naye, umekipoteza. Hapo madalali walipata mlango wao, wakauza vibali kwa malipo ya kila mwezi yaliyokula sehemu kubwa ya ujira. Tena kibali chaweza kufutwa kwa sababu za usalama ambazo mwenyewe haelezwi. Mtu wa hali hiyo atadaije malipo ya saa za ziada?

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Ujenzi wa ukuta ulianza mwaka 2002, wakati mabomu ya kujitoa mhanga yalipokuwa yakiua raia wa Israeli ndani ya mabasi na mikahawa. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Hata hivyo sehemu kubwa ya ukuta haifuati mpaka, bali hupita ndani ya Ukingo wa Magharibi, na mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuujenga huko ni kinyume cha sheria. Wala Waisraeli wote hawakunyamaza: tangu mwaka 2001 wanawake wa kundi la Machsom Watch wamekwenda vituoni kutazama na kuandika wanayoyaona.

Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walishambulia Israeli na kuua watu wapatao 1,200; vikafuata vita vya Gaza na maelfu kwa maelfu ya vifo. Vibali vya kazi vya Wapalestina zaidi ya laki moja vilisitishwa mara moja, na baadaye waliorudishiwa walikuwa wachache. Foleni ile ya usiku ikatoweka, na waliokuwa wakiilaani wakaitamani. Baadhi yao wameukwea ukuta kwa ngazi na kamba kutafuta siku moja ya kibarua. Wapo walioanguka, wapo waliopigwa risasi.

Papa Fransisko alipopita Bethlehemu tarehe 25 Mei 2014 alishuka garini, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta huo na kusali kimya. Mahujaji wetu, kwa kawaida, hupita hapo ndani ya basi. Askari hupanda, hutazama pasi chache, nasi twaendelea na tenzi zetu; dakika hazifiki kumi. Twaziomba kamati za hija za parokia, kila hali inaporuhusu, zimwombe kiongozi wa msafara jambo moja dogo: basi litangulie, nanyi mpite kwa miguu katika mlango wa wafanyakazi.