Chaja ya Jua: Soma Wati Kwanza

Mwaka 2018 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea. Hata hivyo, umeme hukatika. Ukikatika Mbinga au Mbamba Bay siku nzima, simu huzimika. Mama akishikwa na uchungu usiku, utampigiaje mwenye gari? Ndiyo maana wengi hununua chaja ya jua.

Ukifika dukani, uangalie nini? Angalia wati za paneli.

Ipo betri ya akiba yenye paneli ndogo mgongoni. Paneli hiyo mara nyingi ni ya wati 1 hivi. Tufanye hesabu. Wati 1 mara saa 5 za jua kali ni wati-saa 5. Betri iliyoandikwa 10,000 mAh hubeba wati-saa 37. Basi haitajaa kabla ya siku 7.

Ipo pia paneli ya kukunjua ya wati 10. Wati 10 mara saa 5 ni wati-saa 50. Hata nusu ikipotea, zinabaki 25. Simu ya 5,000 mAh huhitaji 19 hivi. Inatosha.

Paneli iwe juani. Mwezi Juni ielekeze kaskazini. Simu na betri ziwe kivulini, kwani joto huziharibu. Wakati wa masika mawingu ni mengi. Jaza betri ya akiba mapema.

Kabla ya kulipa, ijaribu juani kwa simu yako. Mwenye duka akikataa, nenda duka jingine.

Umejifunza kusoma. Soma na maandishi ya mgongoni mwa chaja.