Daftari la wiki: Jina la kijiji kwenye chupa na kwenye gunia

Msimu wa karafuu ukiiva Gando, kaskazini-magharibi ya Pemba, majamvi hujaa uani. Mchambuaji huchukua kichane kibichi, akakisokota juu ya kiganja. Karafuu zikaangukia huku, makonyo yakabaki kule. Wingu likitanda, watoto hukimbilia kukunja majamvi, kwani karafuu iliyonyeshewa hupauka na kushuka daraja.

Divai si kinywaji cha Gando. Wenyeji ni Waislamu. Hata hivyo, waonjaji wa divai nyekundu za Bordeaux, Ufaransa, husema mara kwa mara kwamba wanasikia harufu ya karafuu ndani ya glasi. Hawakosei. Mbao za mwaloni za mapipa, zikishababuliwa kwa moto, hutoa yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake.

Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux walizipanga divai nyekundu katika madaraja matano. La kwanza lilikuwa na majina manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton Rothschild ilisubiri hadi 1973 ndipo ikapandishwa. Anayeanza kukusanya chupa za kuweka nyumbani husoma kwanza jina la shamba, kisha mwaka wa mavuno: 1982, 2000 na 2005 husifiwa sana. Halafu anahitaji chumba chenye giza na ubaridi wa nyuzi 13 hivi, chupa zilazwe ili kizibo kisikauke. Joto la Pemba lingeziharibu mapema.

Karafuu haina subira ya divai. Hukauka kwa siku chache za jua, ikapoteza kama theluthi mbili ya uzito wake, na kadiri inavyokaa ndivyo mafuta yake yanavyopungua. Nzuri hujulikana upesi: ibonyeze kwa ukucha, mafuta yatoke.

Miaka ya 1870 haikuwa na huruma kwa upande wowote. Mdudu filoksera alikuwa akila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi.

Linaloumiza ni jina. Pauillac ni mji mdogo tu wa eneo la Bordeaux, lakini umeandikwa kwenye lebo za Lafite na Latour, na tangu 1935 Ufaransa ina chombo cha kitaifa cha kulinda majina ya aina hiyo. Karafuu ya Gando ikishapimwa daraja na kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, huenda nje kama karafuu ya Zanzibar. Jasho la aliyekesha akiogopa mvua linastahili zaidi ya hapo. Magunia machache ya daraja la kwanza, yenye jina la shehia na mwaka wa mavuno, yangetosha kwa kuanzia.