Bango la Taa na Mlango Ulio Wazi

Ndugu msomaji, wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini zimekuwapo nchi ambamo mgeni alitazamwa kwanza rangi ya ngozi yake, ndipo aambiwe kama "njoo" hiyo yamhusu. Leo nakuomba tuandamane hadi mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani, tukaitazame nyumba moja ya wageni na bango lake la taa.

Neno moteli lilibuniwa California mwaka 1925. Maana yake ni hoteli ya wenye magari: msafiri huegesha gari karibu na chumba chake, akalala, na alfajiri akashika njia. Ili dereva aione nyumba tangu mbali usiku, wenye moteli walisimamisha mabango ya neoni, yaani mirija ya kioo iliyopindwa kwa umbo la herufi na kujazwa gesi ambayo hung'aa umeme upitapo.

Bango la namna hiyo humwita kila apitaye. Hata hivyo, kusini mwa Marekani mtu mweusi aliweza kuwa na fedha mfukoni na bado akanyimwa kitanda. Ndiyo sababu mwaka 1936 Victor Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, New York, alianza kutoa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi nyumba zitakazowapokea. Moteli ya Lorraine ya Memphis iliorodheshwa humo.

Walter Bailey na mkewe Loree, watu weusi, waliinunua nyumba hiyo mwaka 1945 ikiwa hoteli ndogo, wakaipa jina lililokaribiana na la mama huyo. Baadaye wakaiongezea vyumba, ikawa moteli. Ray Charles na Aretha Franklin walipata kulala pale. Kwa wageni kama hao, bango la Lorraine lilikuwa habari njema: hapa hutafukuzwa.

Tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili wa Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mtambo wa gari la taka walimokuwa wamejikinga mvua. Wenzao wapatao 1,300 waligoma, wakaandamana na mabango yaliyosema: Mimi ni mtu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono. Jioni ya tarehe 4 Aprili, akiwa amesimama kwenye roshani mbele ya chumba namba 306 cha Lorraine, alipigwa risasi, akafa. Siku hiyo hiyo Mama Loree alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 9 Aprili, siku ya mazishi ya King. Mgomo ulikwisha tarehe 16 Aprili: chama cha wafanyakazi kikatambuliwa na mishahara ikaongezwa.

Mzee Bailey hakukipangisha tena chumba namba 306. Biashara ilizorota, na mwaka 1982 nyumba ikauzwa kwa mnada. Mpangaji wa mwisho, mwanamke, alitolewa kwa nguvu mwaka 1988. Akaweka kambi nje kwa miaka mingi, akidai kwamba nyumba ile ingemheshimu King zaidi kama ingewahifadhi maskini. Mwaka 1991 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya kupigania haki za raia. Bango lake limehifadhiwa mahali pake.

Nani mwenye haki, wajenzi wa makumbusho au mpangaji yule? Watoto wanahitaji mahali pa kujifunza yaliyopita. Maskini naye ahitaji paa usiku huu. Zungumzeni hayo mezani leo, wewe na jamaa zako. Kisha mjiulize: mwenzetu wa kazini, mzoa taka wa mtaani kwetu na mgeni asiye na ndugu mjini wakibisha hodi, je, watasikia "karibu"? Taa huwashwa na umeme, bali mlango hufunguliwa na mtu.